Mikono ya Babu na lenzi ya 35

Babu yangu alikuwa fundi saa. Mwaka 2012 alikuwa bado anaweza kuona jino lililopinda kwenye gurudumu dogo kuliko kichwa cha pini, lakini alikwishaanza kusema kwamba ataacha. Nikataka kumpiga picha akiwa kazini kabla siku hiyo haijafika.

Simu ilinishinda. Alikuwa anakaa kando ya dirisha moja, mgongo umeinama, na taa ya mezani ilimulika saa tu, si yeye. Kila picha niliyopiga, uso ulikuwa giza na vidole vilikuwa ukungu. Flashi nilijaribu mara moja tu. Alifumba macho, akaweka kibano chini, akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, usinimulike nikiwa nimeshika springi." Sikurudia tena.

Nikaanza kuweka akiba ya kununua DSLR, kamera ya kidijitali inayobadilishwa lenzi. Akiba ilichukua miezi mingi, na miezi hiyo yote nilikuwa nasoma. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili: Canon EOS 550D upande mmoja, Nikon D3100 upande wa pili, zote za mwaka 2010. Kwenye mstari wa megapikseli niliandika 18 na 14.2, nikaizungushia duara ile 18. Kwangu mimi hapo shauri lilikuwa limekwisha. Kuhusu lenzi niliandika neno moja: "inayokuja nayo."

Aliyekuwa nyuma ya meza dukani alikuwa mama wa makamo, mpiga picha za harusi tangu enzi za filamu, anayeuza kamera mpya na zilizokwisha kutumika. Nilimwamkia, nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa makini ambayo sikuitarajia. Kisha akasema, "Mwanangu, kamera umeziandika vizuri sana. Unayekwenda kumpiga picha sijamwona humu."

Nikamweleza habari za Babu: dirisha, taa, mikono isiyotulia, flashi asiyoitaka.

Hakunijibu kwa maneno. Alizima taa ya juu, akamwita kijana wake wa ufundi aliyekuwa chumba cha nyuma, akamkalisha pembeni na kumpa bisibisi afungue na kufunga skrubu za kamera mbovu. Akanipa D3100 ikiwa na lenzi ya 18-55, yaani zumu ya kuanzia milimita 18 hadi 55, akaniambia nivute zumu hadi mwisho. Kwenye 55 tundu la lenzi hiyo, mlango wake wa mwanga, haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Kwa ISO 1600, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kamera ikataka shata, pazia linaloruhusu mwanga, ikae wazi sekunde 1/10. Nikapiga. Meza ilitoka safi, hata mikwaruzo yake ilionekana. Mikono ya yule kijana ilikuwa ukungu uleule wa simu yangu.

"Lenzi hii ina kitulizo ndani," alisema. "Kinatuliza mtikisiko wa mkono wako wewe. Mkono wa babu yako hakiwezi kuutuliza."

Kwangu hiyo ndiyo sentensi iliyobeba siku nzima. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kuhusu vitulizo hivyo nikaamini kwamba vinatibu giza lote. Vinatibu nusu tu, na nusu niliyoihitaji mimi ilikuwa ile nyingine.

Akafungua ile lenzi, akafunga nyingine fupi, nyepesi, isiyo na zumu: 50mm f/1.8, ya muundo wa zamani wenye pete ya tundu. Akaigeuza niione kwa mbele. Namba ya f, alinieleza, ni urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, ukigawanywa kwa upana wa tundu. Kwa hiyo 55 kwa 5.6 ni tundu la karibu milimita 10, na 50 kwa 1.8 ni karibu milimita 28. Nikaona kwa macho yangu: moja kama tundu la kitasa, nyingine kama dirisha. Mwanga unaopita kwenye f/1.8 ni zaidi ya mara tisa ya ule wa f/5.6. Kijana hakuwa amesogea, taa haikuwa imewashwa, ISO ilikuwa ileile 1600, na shata sasa ilikuwa karibu 1/100. Vidole vilisimama. Niliweza kuona ncha ya bisibisi ikiwa ndani ya mfereji wa skrubu.

Hata hivyo fokasi ilibidi niizungushe kwa mkono. D3100 haina mota ya fokasi mwilini, na lenzi ile ya zamani haina mota yake yenyewe, kwa hiyo zikikutana hakuna wa kuzungusha. Mama hakunificha. Alisema wazi kwamba kwa Canon jambo hilo halipo, maana lenzi zote za EF (mfumo wa lenzi wa Canon), tangu mfumo huo uanze mwaka 1987, mota iko ndani ya lenzi. Kwa Nikon ndogo inabidi utafute zilizoandikwa AF-S, zenye mota ndani. Mpaka leo naona hili ndilo jambo la kwanza anayeanza anapaswa kuliuliza kabla ya kuchukua lenzi ya zamani. Daftari langu lote halikuwa na mstari mmoja unaoligusa.

Nikamuuliza kuhusu zile megapikseli 18. Alichukua kalamu yangu. Picha ya 550D ina pikseli 5184 kwa upana, ya D3100 ina 4608. Tofauti kwa upana ni kama sehemu moja kwa nane. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapishwa kwa ubora wa juu wa pikseli 300 kwa inchi, inahitaji 3508 kwa 2480, nazo zote mbili zinavuka hapo. Duara langu akaliacha kama lilivyo.

Kisha akaniuliza chumba cha Babu kina hatua ngapi. Nne, nikamjibu, na moja imeliwa na kabati. Akarudisha ile 18-55, akazungusha pete hadi 50, akaniamuru nisiiguse. "Tembea. Mweke kijana kwenye picha kama unavyotaka kumweka babu yako." Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagonga ukuta na bado meza haijaingia. Akazungusha hadi 35. Nikasogea mbele hatua moja na vyote vikaingia: uso, mikono, meza, ukingo wa dirisha. Sensa ya kamera hizi, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm, ndiyo maana 50 inabana kama 75 au 80 ilivyobana kwenye kamera ya filamu, na 35 inaona karibu kama 50 ya kale. Nilikuwa nimesoma hesabu hiyo mara kadhaa; ukuta ndio ulionielewesha.

Ikabaki fedha. Niliyokuwa nayo ilitosha ama 550D mpya na 18-55 yake, ama D3100 iliyotumika pamoja na AF-S 35mm f/1.8G, bila zumu yoyote. Nilikaa pale muda mrefu. Kuacha zumu kulinitia hofu kweli. Nilijiona nanunua kamera iliyofungwa mguu. Mama alihudumia watu wengine wawili, hakunisukuma. Mwishowe nilifumba macho nikajiuliza ni picha gani nitalia nikiikosa. Ilikuwa moja tu.

Kabla ya kulipa alinifundisha kuikagua: kupiga karatasi nyeupe kwa f/22 ili vumbi la kwenye sensa lijitokeze kama madoa, na kuishika lenzi kuelekea mwanga kutafuta nyuzi za kuvu. Zote zilikuwa safi.

Jioni hiyo nilikaa karibu na Babu. Picha za kwanza ishirini hivi ziliharibika. Nilifungua f/1.8 kwa furaha, nikasogea hadi sentimita 40 hivi, na kwa umbali huo kina cha kinachoonekana vizuri hakifiki sentimita moja. Kidole gumba kilikuwa safi, saa ilikuwa ukungu. Tena kamera ilikuwa inajichagulia yenyewe kati ya nukta zake 11 za fokasi, na ilipenda kilicho mbele. Nikaibana itumie nukta moja, ya katikati, nikafunga tundu hadi f/2.8, nikangoja Babu atulie pumzi moja kama anavyofanya kila anapopachika kitu. Nikafyatua.

Babu akaomba kuona. Nikakuza picha kwenye kioo cha nyuma mpaka gurudumu la saa likajaa. Hakuvaa miwani. Alivaa lenzi yake ya jichoni, ile ya kazi, akainamia kamera kama anavyoinamia saa ya mteja. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani hakuipenda.

"Kuna unywele pale," akasema, akigusa kioo kwa ukucha. "Kwenye gurudumu."

Akageukia meza, akachukua kibano, akautoa unywele ule, akapuliza. Kisha akaisogeza saa kidogo upande wa dirishani.

"Haya. Piga tena."