Jumapili ya Bibi Jumanne

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa kukodisha viatu. Mama, aliyekuwa Mombasa, alipoisikia kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni watu gani hao walioshindwa kununua vyao. Nikamweleza kuwa ni viatu vya bouling, mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye njia ya mbao ili uangushe pini kumi zilizosimamishwa mwishoni; vina soli laini ili mchezaji ateleze kwenye hatua ya mwisho, na kila jozi ikirudi mimi huipulizia dawa. "Kwa hiyo waosha miguu ya watu," akasema. Tukayaacha hapo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa katika kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis, una njia 24. Kabla hatujafungua niliendesha mashine ya mafuta. Wengi hawajui kwamba zile mbao hupakwa mafuta, tena si sawasawa: katikati huwa mengi, kingoni machache, na kipande cha mwisho karibu na pini huachwa kikavu. Mpira (mimi ningeuita tufe, maana ule mzito kabisa unazidi kilo saba) huserereka kwenye mafuta, ukifika pakavu ndipo unashika na kukata kona. Mtu hodari hahangaiki na pini. Anayasoma mafuta ambayo macho hayayaoni.

Hayo sikufundishwa na meneja. Nilifundishwa na mama mmoja wa miaka hamsini na ushei, mchezaji wa ligi ya wanawake, niliyempa jina la Bibi Jumanne kwa kuwa ndiyo siku aliyokuja. Wenzake walikuwa wakihangaika kufika pointi 140, yeye akipita 200 huku akipiga soga. Nikadhani ni kipaji. Kumbe aliwahi kula kwa mchezo huu. Alikuwa katika mzunguko wa wanawake wa kulipwa, akienda mji hadi mji na mabegi matatu ya mipira nyuma ya gari. Mwaka 2003 fedha zikaisha, mashindano ya vuli yakafutwa, na mzunguko wote ukafa. Bora wangemaliza msimu, aliniambia, kama mtu anayezungumzia mgeni aliyeondoka bila kuaga. Akarudi nyumbani, akapata kazi ya kuandika hesabu kwa daktari wa meno.

Jumapili ya tarehe 24 Januari 2010 ukumbi ulijaa jezi za zambarau. Jioni hiyo Vikings, timu ya kwetu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wacheze na timu ya New Orleans, wakishinda waende fainali ya taifa, na wanaume walishaanza kunywa tangu mchana. Bibi Jumanne akaingia na koti lake refu, akaketi chini ya televisheni ya baa, akaniambia: weka bouling.

Nikaweka. Rimoti nilikuwa nimeificha ndani ya kiatu namba 15, ambacho sijawahi kuona mtu akikikodi.

Ilikuwa fainali ya Tournament of Champions kutoka Las Vegas, mashindano ya wanaume waliokwisha kushinda mataji. Safari hii mlikuwa na mwanamke mmoja, Kelly Kulick wa New Jersey, aliyepata nafasi kwa kutwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka uliotangulia. Mbele yake yupo Chris Barnes, na Barnes si mtu wa kubahatisha. Watu wa zambarau wakaanza kelele: tuwekee mpira wa miguu, ingawa ule wao wanaubeba mikononi muda wote, jambo ambalo mpaka leo halijaniingia akilini. Nikajifanya natafuta rimoti.

Bibi Jumanne hakutazama pini hata mara moja. Alitazama miguu ya Kulick, na kila ikiteleza na kusimama, alikuwa ameshasema "ndiyo" kabla mpira haujafika. Straiki, yaani pini zote kumi chini kwa mpira mmoja. Tena straiki. Kelele zikapungua zenyewe. Jamaa mmoja mnene akavuta kiti, akaanza kujumlisha pointi kwa sauti, mwishowe akauliza, si kwa ubaya, nadhani:

"Kwani huyu hana ligi yake ya wanawake?"

"Alikuwa nayo," Bibi Jumanne akajibu bila kugeuka.

Akaongeza kwamba mwaka ule ule wa 2003 Kulick alishinda US Women's Open, shindano kubwa la wanawake, na kufikia vuli hakuwa na pa kuchezea. Jamaa akakuna shingo.

Ikaisha 265 kwa 195. Mwanamke wa kwanza kushinda taji la mzunguko wa wanaume wa kulipwa, na hundi ya dola 40,000. Wanaume walipiga makofi, haki yao niwape, kisha wakadai mchezo wao nami nikaitoa rimoti kiatuni. Mzunguko wa wanawake ulirudi mwaka 2015, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na habari hiyo.

Bibi Jumanne akanijia kaunta. "Mashine yako ina mafuta?"

Nikampakia njia ya 24, ya mwisho kabisa ukutani. Alikuwa na mpira mmoja ndani ya gari, baridi kama jiwe la kaburini, tukaufunga taulo na kuuweka karibu na mashine ya joto, tukangoja karibu nusu saa. Kisha akacheza peke yake, bila kuwasha ubao wa pointi. Nilihesabu straiki sita. Wa saba ulibakiza pini namba 10, ile ya pembeni kulia, akaitukana kwa lugha ambayo sikujua anaijua.

Usiku Vikings wakafungwa 31 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Mtu mmoja alitoka na viatu vyetu miguuni moja kwa moja hadi kwenye theluji, nikamkimbilia na vyake mkononi.

Jumanne iliyofuata Bibi alitaka kulipia ile njia. Nikakataa. Nilipokwenda kuchukua rimoti nikakuta noti mbili za dola kumi ndani ya kiatu namba 15.