Audacity kwa mstari mmoja wa amri

Jamani, leo nimeweka programu kwenye kompyuta kwa kuandika amri tu, na furaha niliyo nayo si ndogo. Nilitaka Audacity nipate kusafisha sauti ya nyanya yangu akisoma tenzi, niliyomrekodi kwa simu nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu.

Natumia Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanza 2004 juu ya msingi wa mfumo mwingine, Debian. Kwanza niliandika sudo apt update. Hii haiweki programu yoyote, inaleta tu orodha mpya ya zilizopo. Kisha sudo apt install audacity.

Ukiulizwa nywila usishtuke. Kwangu hakikuonekana kitu nilipokuwa naandika, hata nukta. Kibodi ni nzima, ni siri inalindwa. Maliza kuandika, ubonyeze Enter.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka programu, hutafuta yenyewe kila kipande ambacho programu inakihitaji, hukuonyesha ukubwa wa kitakachopakuliwa, halafu inangoja jibu lako. Kwa sisi tunaonunua bando, kuujua ukubwa kabla ya kukubali ni heshima kubwa.

Ila neno sudo linampa mwandishi mamlaka yote juu ya mashine, kwa hiyo amri usiyoielewa usiinakili hivi hivi, hata ukiletewa na rafiki.

Sasa mvumo wa feni uliosikika kwenye rekodi umepungua na sauti ya nyanya inasikika vizuri. Mwenye Ubuntu anayeogopa ile skrini nyeusi ya kuandikia amri aniandikie, tutakaa barazani tuifanye pamoja.