Hoteli Inaangalia Upande Gani?

Mwaka huo wanangu walikuwa wa miaka 4 na miezi 18, na likizo ya shule ilikuwa Agosti. Dubai tulishaifuta: mwezi huo joto hupita nyuzi 40, watoto wangeshinda ndani. Mauritius kulikuwa na baridi. Shelisheli ilitukaa vizuri. Kutoka Nairobi ni kama saa 3 kwa ndege, saa zao zimetutangulia kwa moja tu, kwa hiyo usingizi wa watoto hauvurugiki, tena hakuna malaria.

Hoteli nilikuwa nimeshaichagua, bado kulipa tu. Ami yangu, baharia mstaafu, alipokuja kunywa kahawa nikamwonyesha picha. Bei hakuuliza.

"Inaangalia upande gani?"

Nikafungua ramani: kusini-mashariki mwa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Akaweka kidole gumba juu ya ufuo ule, akakivuta taratibu hadi upande wa pili wa kisiwa.

"Mwezi wa nane kusi hupiga hapa usoni, mwanangu. Wapeleke watoto nyuma ya mlima."

Tuliokulia Mombasa tunaijua kusi, upepo wa kusini-mashariki, ila sikuwahi kuihesabu nilipopanga safari. Kuanzia Mei hadi Oktoba fuo za upande ule hupata mawimbi na mwani mwingi. Ufuo wa Beau Vallon, kaskazini-magharibi, hukingwa na milima, na mlima Morne Seychellois pekee una mita 905. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, mambo hugeuka. Picha ya hoteli haisemi ilipigwa mwezi gani.

Kilichotusumbua zaidi ni chanjo. Ukitoka Kenya huingii Shelisheli bila kadi ya homa ya manjano, na mtoto aliyevuka mwaka mmoja naye anadaiwa. Mdogo alikuwa amechanjwa surua na rubela Julai 3. Hiyo na ya homa ya manjano zote ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa: huchomwa siku moja, au zipishane wiki 4, kwani ya kwanza yaweza kuipunguza nguvu ya pili. Laiti ningeuliza siku ileile! Tukangoja hadi Julai 31, halafu kadi huanza kufanya kazi baada ya siku 10. Safari ikasogea hadi Agosti 12. Na usiende kituoni bila kupiga simu kwanza. Chupa moja ina dozi kadhaa, ikifunguliwa hutupwa baada ya saa 6, hivyo vituo vingi huchanja siku maalumu.

Praslin, kisiwa jirani, tuliiacha. Boti ni kama saa nzima, na wakati wa kusi watu wazima hutapika, sembuse mtoto wa mwaka na nusu. Kobe wakubwa tuliwaona Victoria, mji mkuu ulioko Mahé, kwenye bustani ya mimea.

Beau Vallon maji yalimfika mkubwa kiunoni, yametulia, na mdogo akakaa pembeni akijaza ndoo mchanga. Siku ya nne tukapanda basi hadi ufuo wa ile hoteli ya kwanza. Upepo ulimvua mkubwa kofia, na pale kwenye picha ya mchanga mweupe mwani ulikuwa umelala rundo, unafika magotini.