Picha ya Mwembe wa Ujiji

Treni ilipoondoka Tabora nilikuwa nimeshaulizwa swali lile lile mara nne. Mabehewa ya Mwanza yalikuwa yamekatwa na kwenda zake, sisi wa Kigoma tumeungwa upya, na chumbani mwetu mama mmoja wa Tanga, aliyekuwa akienda kumwona binti yake aliyejifungua Kasulu, akashindwa kuvumilia.

"Shelisheli? Si yale matunda?"

Nikamwambia ndiyo, ni yale matunda, na ni nchi pia, na katika nchi hiyo mashelisheli yamejaa uani mwa watu. Wenyeji wana msemo kwamba mgeni akilila shelisheli lao, lazima atarudi. Mimi na mume wangu tumeyala ya kuchemsha, ya kukaanga kama chipsi, na ya kupikwa kwa nazi na sukari. Kwa hesabu hiyo hatutoki tena.

"Na bahari mnaiona?"

"Ukikaa kibarazani, iko pale."

"Basi nyie mko peponi, mwanangu."

Sikumjibu, nikajidai natafuta chenji ya asali. Mume wangu, ambaye siku hizi hata mimi namwita Mwalimu kama wanafunzi wake, alikuwa chumba cha tatu kutoka changu, kwa kuwa daraja la pili kulala wanawake na wanaume hawachanganywi. Tumekaa miaka miwili kisiwani tukitazamana sisi wawili kila jioni. Kusema kweli, siku zile za reli zilikuwa pumziko kwa wote.

Tunaishi Mahé, kisiwa kikubwa kuliko vyote 115 vya nchi ile. Huo ukubwa wenyewe ni urefu wa kilomita 27 hivi na upana unaofika kama 8. Treni hii ya Kigoma, kwa kujikongoja kwake, ingekimaliza kisiwa kizima kabla chai haijapoa, na kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni kama kilomita 1,800. Katikati ya Mahé kuna mlima wa mita 905, kwa hiyo basi linapanda kona baada ya kona, unashika kiti kwa mikono miwili, na kila mtu anaufahamu mlango wa kila mtu. Ukigombana na mumeo Jumatatu, Jumatano muuza samaki anakuuliza kama mmepatana.

Mwalimu alipata mkataba wa kufundisha hisabati. Mimi nilikwenda kama mke. Kule mgeni hafanyi kazi bila kibali, na kibali hicho kinaitwa kwa herufi tatu, GOP. Wageni wote wanazijua herufi hizo kabla hawajajua hata neno moja la Kikreoli. Mwalimu anacho. Karatasi yangu inasema mimi ni mke wake, basi. Mwanamke niliyezoea kuamka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa Kibirizi, kule Kigoma, nikabishana bei na mabaharia huku tochi nimeing'ata mdomoni, leo naamka kumtafutia mtu soksi. Miezi sita ya kwanza nilifagia uwanja mpaka ukawa na shimo.

Kilichoniokoa ni soko. Liko katikati ya mji wa Victoria, na juu ya meza za samaki wanasubiri yangeyange, wale wale weupe tunaowaona wakifuata ng'ombe, ila wa kule wameacha ng'ombe wanafuata matumbo ya jodari. Samaki wadogo huuzwa kwa mtungo, kamba imepitishwa kwenye matamvua, kama kwetu. Siku nilipouona mtungo wa kwanza nilisimama pale mpaka muuzaji akadhani sina hela. Kumbe nilikuwa nahesabu. Huwezi kumzuia mchuuzi asihesabu.

Pepo ni zile zile za Waswahili. Kaskazi ikivuma mvua inakuja na bahari inatulia. Kusi ikishika, mawimbi yanakuwa makali, boti ndogo hazitoki sana na bei ya samaki inapanda. Vingine karibu vyote vinakuja kwa meli: mchele, unga, vitunguu, mafuta. Meli ikichelewa, kitunguu kinakuwa habari ya mjini. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikakumbuka Kigoma wakati mvua inakata reli, namna sukari inavyopanda kwa siku mbili, nikaacha kucheka. Mwalimu huwa anasema Kigoma nayo ni kisiwa, tofauti ni kwamba sisi maji yametuzunguka upande mmoja na pori pande tatu. Simkubalii kila kitu, lakini hilo namwachia.

Mawese yangu yaliisha mwezi wa tatu. Nusu ya dumu ilikuwa imemwagikia ndani ya begi safarini, na shati jeupe la Mwalimu la siku ya kwanza kazini likawa la rangi ya machungwa. Mpaka leo analo, analivaa kulimia.

Tukapita Kaliua usiku, Nguruka kukapambazuka. Uvinza wanawake walikuja dirishani na chumvi, nikanunua mifuko miwili bila kujua ya nini. Mimi ninayeishi katikati ya bahari ya chumvi!

Kigoma tukashuka mchana, mbele ya lile jengo la Wajerumani la tangu reli ilipofika mwaka 1914. Watu wa bara hupaita mwisho wa reli. Mjomba wangu huwa anawasahihisha: ni mwanzo wa reli, wao ndio wanaokaa mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko peponi hawali?"

Jioni ile nilikula ugali wa muhogo na mgebuka uliozama kwenye mawese, kwa mkono, mpaka mama akaniambia nipumue. Maswali yakaanza baada ya kunawa. Shangazi alitaka kujua kama tumeshaanza kujenga. Mdogo wangu alitaka kujua rupia moja ni shilingi ngapi, akapiga hesabu kwenye simu, akatutazama kwa heshima mpya. Mwalimu akaeleza kuwa mshahara unaingia mwisho wa mwezi na siku ya pili yake uko kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyemwamini. Nilimwona akitafuta macho yangu nimsaidie, nikajifanya nakusanya sahani.

Lakini nilikuwa na kazi moja niliyotumwa. Jirani yetu Mahé ni bibi mmoja mzee, ndiye aliyenipa shelisheli la kwanza na ndiye aliyenifundisha Kikreoli, ambacho ni Kifaransa kilichopita kwenye ndimi za Waafrika mpaka kikatulia. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa *mon pa konpran*, sielewi, na niliitumia mwaka mzima. Siku moja tukimenya ndizi mbichi aliniuliza kwetu ni mbali kiasi gani na pwani. Nikamtajia kilomita. Akanyamaza, kisha akasema wazee wa bibi yake walitolewa Afrika, ndani kabisa, kwenye maji ambayo hayakuwa bahari. Sasa walifikaje kwenye jahazi?

"Kwa miguu," nikamwambia.

Nilimweleza ile njia tuliyofundishwa shuleni, na ambayo kwa mtu wa Ujiji si somo la shule tu: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, wenye pembe za ndovu na wenye minyororo. Yeye akanieleza upande wa pili, ambao sikuufundishwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa, na kuanzia mwaka 1861 watu waliookolewa walishushwa Mahé, zaidi ya 2,000. Hawakurudishwa makwao. Wakapewa kazi mashambani. Jumapili moja tulipanda basi naye hadi Sans Souci, juu milimani kwenye midalasini, kuna magofu ya shule ya watoto wao iliyofunguliwa mwaka 1876. Kuta zimebaki hadi magotini. Yeye alikaa juu ya ukuta akala embe.

Sina ushahidi kwamba watu wake walitoka ziwani kwetu. Maziwa ni mengi. Upande wa bibi yangu sisi ni Wamanyema, tulivuka ziwa na misafara hiyo hiyo, na nyumbani hakuna anayependa kusema tulivuka kama nani. Aliponiomba nimletee embe la Ujiji nilimwambia matunda mabichi hayapiti uwanja wa ndege. Akasema basi picha, ya pale njia inapoanzia.

Siku ya tatu nikachukua bodaboda mpaka Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, alipokutana na Stanley chini ya mwembe mwaka 1871. Mwembe wenyewe wa zamani haupo. Ipo miwili inayosemwa ilipandikizwa kutoka kwake. Desemba ilikuwa imeijaza. Nikapiga picha, nikaituma. Kule saa zao ziko mbele kwa saa moja, nilijua ameshakula mchana na yuko kibarazani.

Sauti yake ikaja baada ya dakika chache. Kwanza alilalamika kuwa nimekata kilele cha mti. Pili aliuliza kama hayo maembe yana nyuzinyuzi. Kisha kimya, nasikia kuku wake, halafu:

"Na bahari iko upande gani?"

Nilikuwa nimesimama natazama ziwa, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kwa kuwa mvua ilikuwa imesafisha hewa. Ikabidi nigeuke. Huko nyuma kulikuwa na barabara, miembe mingine miwili mitatu, kijana anajaza upepo baiskeli, na mama amejitwisha ndoo ya mawese anakwenda mashariki bila haraka. Nikaipiga hiyo.