Barua za Darasa la 10

Watoto wa darasa la 10 niliowafundisha Durban, Afrika Kusini, mwaka 2016 walizaliwa mwaka 2000 au karibu na hapo. Nautaja mwaka huo mapema kwa sababu ndio unaokipa uzito kikaratasi nitakachokieleza. Julai 2000, mji huohuo ulipokea mkutano wa kimataifa wa ukimwi, na mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, alisimama katika uwanja wa Kingsmead akaiomba serikali iwape dawa akina mama wajawazito wenye VVU ili wasiwaambukize watoto wao. Serikali ya wakati ule ilisitasita mpaka Mahakama ya Katiba ilipoiamuru, Julai 2002, itoe nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama yake, katika hospitali za umma. Dawa za kumeza kila siku zilianza kuwafikia wagonjwa wa hospitali hizo mwaka 2004. Nkosi mwenyewe alikuwa ameshazikwa, maana alifariki Juni 2001 akiwa na miaka 12.

Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuipiga. Mtoto aliyezaliwa na virusi mwaka 2000 katika nyumba isiyo na fedha, akafika darasa la 10 akiwa hai, alipenya kwenye tundu la sindano. Nilikuwa na mmoja wa namna hiyo darasani, na nikalijua hilo usiku mmoja nikiwa mezani kwangu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilisomea ualimu Bukavu, vita vikanitoa Kivu, na miaka ya mwanzo Durban nililinda magari katika maegesho ya ufukweni, kazi ya Wakongo wengi mjini humo. Kizulu changu nilikipata hapo, kwa madereva na wauza mahindi. Vyeti vilipokubaliwa nikapewa mkataba unaolipwa na bodi ya shule, na ratiba yangu ilipoonekana ina nafasi, wakaijaza kwa somo la Life Orientation, ambalo walimu na wanafunzi wote wanaliita el-o.

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo. El-o ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa Afrika Kusini mpaka darasa la 12. Linapewa saa mbili kwa juma, moja ikiwa ya mazoezi ya mwili. Ndani yake mna afya, haki za raia, uchaguzi wa kazi, dawa za kulevya, mimba, ukimwi, ukatili majumbani. Ni mambo yanayoamua kama mtoto atafika miaka 25. Hata hivyo, kwa kuwa vyuo vikuu vingi havilihesabu katika alama za kujiunga, shule nyingi humpa mwalimu yeyote mwenye kipindi kitupu, awe wa jiografia, wa uhasibu, au mimi. Watoto wanakariri "taja madhara matano ya ngono isiyo salama", wanayataja yote matano, wanapata alama zao, wanakwenda nyumbani na maswali yaleyale waliyokuja nayo.

Na kwangu mimi kulikuwa na uzito mwingine. Kwetu mambo ya mwili msichana anafunzwa na shangazi yake, mvulana na mjomba wake. Mwanamume mgeni kuyasema mbele ya watoto wa watu, wavulana na wasichana pamoja, ni jambo ambalo mama yangu asingelikubali. Nililijua hilo kila nilipoingia darasani. Lakini wengi wa watoto wale hawakuwa na shangazi wa kuwaambia lolote. Kuna waliolelewa na bibi pekee, kwa sababu kizazi cha katikati kilizikwa katika miaka ileile ya kusitasita.

Mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima aliyefundisha somo hilo kwa miaka mingi, ndiye aliyenipa wazo la boksi. Boksi la viatu lenye tundu juu, linakaa nyuma ya darasa, na kila mwanafunzi anatumbukiza kikaratasi kila juma, hata kama ameandika "sina swali". Sharti hilo la mwisho ndilo lenye akili: wote wakitumbukiza, hakuna anayeonekana. Muhula wa pili wote tulifanya hivyo. Maswali mengi yalikuwa ya kunipima, kuona kama nitaona haya. Niliyajibu kwa majina kamili ya viungo vya mwili, na kicheko kikapungua juma baada ya juma.

Kisha ikaja Julai. Mkutano ule wa ukimwi ulirudi Durban, kuanzia tarehe 18 hadi 22, miaka 16 baada ya ule wa Kingsmead. Ilikuwa juma la kwanza baada ya likizo, mji umejaa wageni wenye vitambulisho shingoni, barabara zinazozunguka jumba la mikutano zina polisi kila kona. Watoto walikuja shuleni na fulana walizogawiwa mjini. Jumatano jioni nililibeba boksi nyumbani kama kawaida, nikaanza kuvikunjua vikaratasi wakati mke wangu anapasi nguo.

Kimoja kilikuwa kimekunjwa mpaka kikawa kama punje. Kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa kalamu iliyokandamizwa sana:

"NILIZALIWA NA VIRUSI. KUNA MTU NAMPENDA. NIKIMWAMBIA ATANIACHA NA SHULE NZIMA ITAJUA. NISIPOMWAMBIA NITAMUUA. BIBI ANASEMA NISIPENDE MTU. NI LAZIMA?"

Nilimsomea mke wangu. Aliisimamisha pasi.

"Baba watoto, huyu ameandika kwa herufi kubwa kwa sababu anajua wewe unasahihisha daftari zake za hesabu."

Daftari zile zilikuwa palepale, karibu na kiwiko changu. Nilikuwa nazijua hati zao, ningeweza kumpata kwa dakika kumi, hata kwa namna anavyoandika saba. Mke wangu alizichukua zote akaziweka juu ya kabati, akarudi kupasi. Sera ya taifa ya mwaka 1999 kuhusu VVU shuleni ilisema hakuna mwanafunzi wa kulazimishwa kutaja hali yake. Nilikuwa nimeisoma. Usiku ule aliyenizuia ni mwanamke aliyekuwa na pasi mkononi.

Swali lenyewe, hata hivyo, lilinishinda. Nilijua kwamba dawa zinampa mtu maisha. Sikujua vya kutosha kuhusu yule anayependwa, na sikutaka kumjibu mtoto kwa kubahatisha jambo ambalo anadhani ni la kuua. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kengele, nilipita kliniki ya jirani kumtafuta muuguzi ambaye huja shuleni kwetu na timu ya afya ya shule, mpango ulioanza upya nchini mwaka 2012. Pale muuguzi wote wanamwita Sista. Alikuwa anapanga mafaili huku foleni ya akina mama ikiwa tayari imefika mlangoni.

Nilimweleza bila kutaja darasa. Hakuacha kupanga mafaili, lakini alipunguza mwendo.

"Ana umri gani, baba?"

"Kumi na sita hivi, Sista."

"Basi huyu ametuzika wengi." Akanyamaza kidogo. "Mwambie hivi. Akimeza dawa kila siku, virusi vinapungua kwenye damu mpaka kipimo kinashindwa kuviona. Akifika hapo na akabaki hapo, hamwambukizi mwenzake kwa kitanda. Miaka mitano iliyopita tuliambiwa hatari inapungua kwa asilimia 96. Juma lililopita umetoka utafiti mwingine wa Ulaya, jozi 888 za wenzi, mmoja anavyo mwingine hana, hawatumii kondomu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Wanauzungumzia hapo mjini sasa hivi."

"Kwa hiyo kondomu aache?"

"Asiache! Kondomu ni ya mimba, ni ya kisonono, ni ya siku alizosahau dawa. Na watoto wa umri huo wanasahau, baba. Wanachoka. Wanameza tangu wana miaka minne, wakifika kumi na tano wanasema sasa basi. Hao ndio ninaowapoteza siku hizi." Alifunga droo. "Mwambie na jambo jingine. Kumwambia mtu ni haki yake yeye, kwa wakati wake yeye. Na aje. Hahitaji kuja na mzazi, sheria inamruhusu tangu ana miaka 12. Jumanne mchana nakaa na vijana peke yao."

Nilikuwa na majibu sasa. Iliyobaki ni namna ya kuyatoa. Nikikisoma kikaratasi kama kilivyo, wanafunzi 42 watageuka kutafutana kwa macho, na mwenye swali atakuwa amekwisha. Nikikiruka, atajua nimekiruka. Niliwaza siku nzima, hata nikifundisha milinganyo, na jibu likanijia kutokana na jambo la kawaida kabisa: darasa likiandika, kila kichwa kinainama.

Ijumaa niliingia, nikawaambia tunaandika. Nikawasimulia kwanza habari za Nkosi Johnson, kwamba alizaliwa na virusi, kwamba mwaka 1997 shule moja ya Johannesburg ilisita kumpokea na mama mlezi wake akapigania nafasi yake mpaka akaipata. Wachache walilijua jina. Kisha nikasema: "Fikirini mtoto kama huyo angeishi. Leo ana miaka yenu. Kuna mtu anampenda. Anaogopa kumwambia, na anaogopa kutomwambia. Mwandikieni barua. Msitie majina yenu. Dakika ishirini."

Vichwa vikainama, vyote. Nilisimama dirishani, nikatazama nje, kwa sababu nilikuwa nimejiahidi nisitazame ni nani anayeandika haraka na ni nani amekaa tu.

Nilizikusanya, nikazichanganya, nikaanza kuzisoma kwa sauti. Sikuwa nimewahi kusikia kimya cha namna ile katika darasa lile. Mmoja aliandika: "Shangazi yangu anameza vidonge vyake tamthilia ya saa mbili usiku ikianza. Ana watoto wawili na wote ni wazima. Mumewe humletea maji ya kumezea." Mwingine: "Usimwambie siku ya kwanza. Siku ya kwanza hata mimi siambii mtu kwamba baba yangu yuko gerezani." Mwingine aliandika mstari mmoja tu: "Mimi ningeuliza kama umekula, maana zile dawa zinachoma tumbo."

Na moja ilisema: "Asipende mtu. Akae peke yake, ni afadhali kwa wote."

Hiyo nayo niliisoma. Nilijua mwenye swali ameyasikia maneno hayo nyumbani kwao, kutoka kwa bibi anayempenda, na nilitaka ayasikie mahali ambapo kuna mtu wa kuyajibu. Sikuwahi kuyajibu. Msichana wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida hunyanyua mkono tu anapoomba kwenda msalani, alisimama.

"Sir, aliyeandika hivyo amepima? Kwa sababu mimi sijapima. Hapa wengi hatujapima. Tunamwambia mwenzetu akae peke yake, na yeye ndiye pekee anayejua hali yake."

Kukawa na ubishi, ubishi wa kweli, kwa Kizulu na Kiingereza, nusu ya maneno yakinipita. Mvulana mmoja alisema kumficha mpenzi ni dhambi. Mwingine akamuuliza kama yeye amemwambia mpenzi wake mambo yake yote. Niliwaacha. Walipochoka nikawapa ya Sista, neno kwa neno: dawa kila siku, kipimo kisichoviona, jozi 888 za wenzi, kondomu na sababu zake, haki ya kusema na haki ya kungoja, miaka 12, Jumanne mchana. Niliandika ubaoni saa za kliniki kwa tarakimu kubwa, na nikahakikisha kila mmoja amezinakili, ili asionekane anayezihitaji.

Miaka mitatu baadaye nchi nzima ilibishana kuhusu mipango mipya ya masomo ya elimu ya jinsia. Wazazi walikuja kwenye mikutano na magazeti mkononi, wakisema watoto wao wanafundishwa uchafu. Hofu yao naiheshimu, mimi pia nina mabinti. Ila kila mzazi aliposema watoto hawajui mambo haya na waachwe wasiyajue, nilizikumbuka barua zile, na yule wa tumbo linalochoma.

Sikumjua mwandishi wa kikaratasi, na daftari zilishuka kabatini baada ya mke wangu kuhakikisha kimetoka nyumbani. Kilichobadilika upesi ni boksi lenyewe. Juma lililofuata "sina swali" zilikuwa za kuhesabu. Vikaratasi vilikuwa virefu, vingine kurasa mbili, na havikuwa vya kunipima tena. Mjomba anayeingia chumbani usiku. Mama aliyeacha dawa kwa sababu ya mchungaji. Mimba ya miezi mitatu na hofu ya kufukuzwa shule, ilhali mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilishaziamuru shule mbili za jimbo la Free State zipitie upya sera zao za kuwaondoa shuleni wasichana wenye mimba. Kadhaa nilijua mara moja kwamba si vya boksi, ni vya ustawi wa jamii na polisi, na katika hayo sheria inanilazimisha mimi mwenyewe kutoa taarifa.

Jumatatu nilirudi kliniki na bahasha nene. Sista aliitazama, akaitazama foleni mlangoni, akamwita mwenzake ashike nafasi yake. Akavuta viti viwili.

"Haya, baba. Anza na ile iliyokunyima usingizi."