Jinsi Mizani ya Shairi Ilivyonisaidia Kumaliza Riwaya

Nilipotoa diwani yangu ya kwanza ya mashairi, watu wawili ninaowaheshimu walinishauri nichague njia moja, ama nibaki mshairi ama niandike riwaya. Ushauri huo ulinipotezea karibu miaka minne, na hadi leo unaniudhi, maana jibu lilikuwa kwenye rafu yangu muda wote. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971 na diwani ya Kichomi mwaka 1974, na kabla yake Shaaban Robert alitunga tenzi na hadithi kwa kalamu ileile.

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ulikataliwa kwa haki. Mhariri aliurudisha akiwa amepigia mstari mwekundu karibu kila mazungumzo, na pembeni mwa ukurasa wa 12 aliandika kwamba muuza samaki wangu anazungumza kama anayeghani shairi. Niliumia. Kisha nikaanza kwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri kumi na tano hivi, nikisimama karibu na meza za mnada huku nina kijidaftari mfukoni. Dalali hamalizi sentensi: hutaja bei, hukatisha, huirudia, na ukimya wake mfupi kabla ya bei ya mwisho ndio unaowafanya wanunuzi wainue vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, kwamba nilihamishia vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, kwenye nathari nikaiacha mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo, ambayo ndiyo iliyo karibu na pumzi ya msemaji.

Basi kila sura iliyonikwamisha niliitunga kwanza kuwa shairi la beti nane, mishororo minne kila ubeti, mizani minane kwa minane, nikihesabu kwa vidole hata ndani ya daladala. Baadaye nilivunja vina vyote na kuiandika upya kwa nathari. Sura ya mama anayemsubiri mwanawe kwenye kivuko cha Kigamboni, iliyokuwa na kurasa 19, ilibaki na kurasa 6, na ndiyo inayotajwa zaidi na wasomaji. Anayeanza asome kazi yake kwa sauti mbele ya mtu asiyezoea vitabu; shangazi yangu alikuwa akisinzia palepale palipostahili kukatwa.

Uchapaji na nakala za mswada mpya vilinigharimu kama laki moja na nusu. Mswada huo ndio ulioniletea tuzo, na fedha zake zilinikimu kwa miezi mitatu ya likizo bila malipo, nikakamilisha diwani yangu ya pili.