Nyota zilizovutika: nilivyookoa picha zangu za M8

Kila anayefundisha kupiga picha za anga la usiku huanza na sentensi ileile: elekeza mhimili wa traka, kile kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota, kwenye Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Sawa, mheshimiwa. Mimi niko Dodoma, nyuzi sita kusini mwa ikweta. Polaris kwangu iko chini ya upeo wa macho, labda nichimbe kisima ndiyo niione. Ncha ya kusini ya anga, ile ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka, nayo iko nyuzi sita tu juu ya upeo, imezama kwenye vumbi la Julai na taa za majirani, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata penye giza totoro unaitafuta kwa shida. Nikatumia dira ya simu, nikakadiria, nikapiga.

Nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya M8, ile ya kundinyota la Mshale ambayo mwezi wa saba hupita karibu na utosi, ilitoka na wekundu wake wote. Ila kila nyota ilikuwa kama punje ya mchele.

Wenzangu waliponiona nahangaika, ushauri ulikuwa wa aina mbili: futa upige upya, au nunua maunti kubwa, yaani kitako imara cha kubeba na kuzungusha kamera. Maunti yenyewe ni milioni tatu na ushee, bado usafiri na ushuru. Na kufuta kazi ya usiku mzima nilioukesha kwenye baridi na upepo wa Dodoma? Jamani, hapana.

Kabla ya kurekebisha chochote nilitaka kujua mkosaji ni nani. Nikalinganisha picha ya kwanza na ya mwisho: nyota zote zilikuwa zimehama upande mmoja, kidogokidogo, kaskazini kwenda kusini, bila kurudi. Kosa la gia lingezisogeza mashariki na magharibi, kwenda na kurudi, kila baada ya dakika kadhaa. Lenzi mbovu ingeharibu pembeni na kuacha katikati salama. Kwa hiyo gia na lenzi hazikuwa na hatia, mhimili ndio haukulenga ncha. Hesabu yake inatisha: ukikosa ncha kwa nyuzi moja tu, ndani ya dakika mbili nyota inaweza kuhama hadi sekunde 31 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Kwa lenzi yangu ya milimita 200, pikseli moja inabeba kama sekunde nne za tao. Hizo ni karibu pikseli nane! Mimi nilipata mvutiko wa pikseli nne, kwa hiyo dira ya simu haikunitupa mbali sana.

Nilianza na dikonvolusheni ya Richardson na Lucy, iliyomo ndani ya Siril, programu ya bure. Kihesabu ndiyo dawa yenyewe: unaiambia kompyuta nyota imevutwaje, nayo inaurudisha mwanga mahali pake. Nikapandisha marudio ya hesabu hiyo, nyota zikaanza kukaza. Nikapandisha tena kwa tamaa, na kila nyota angavu ikavaa pete nyeusi. M8 yote ikaonekana ina ndui.

Kilichoniokoa ni ujanja wa leya, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, na huu nausimulia taratibu kwa sababu naupenda. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, niliizungusha picha hadi mvutiko ukalala mlalo kabisa. Nikatoa nakala mbili juu ya picha ya asili. Ya juu kabisa nikaiweka kwenye ile modi ya kutia giza, inayolinganisha leya mbili na kubakiza pikseli yenye giza zaidi. Kisha nikasogeza nakala moja pikseli mbili kushoto, nyingine pikseli mbili kulia. Basi! Ncha ya kulia ya nyota inaangukia anga jeusi la nakala ya pili, inafutika. Ya kushoto vilevile. Kinachobaki ni pale zinapopandana tu, yaani katikati, na katikati ni duara. Kusogeza nusu huku na nusu kule kunaifanya nyota ibaki palepale ilipokuwa; wanaosogeza nakala moja tu hujikuta nyota zimehama kutoka kwenye nebula.

Usiiache modi hiyo ifanye kazi kwenye picha nzima. Inakula mwanga wa nebula na kuacha mabaka kwenye anga. Unganisha zile nakala mbili, zitilie barakoa inayoonyesha nyota tu, chini yake M8 ya asili ibaki ilivyo. Nyota ndogo zitafifia; nilizipandishia mwanga kidogo. Mvutiko ukizidi upana wa nyota yenyewe, zile hafifu zinaweza kupotea kabisa.

Usiku uliofuata nililenga mhimili bila Polaris wala dira: unafuatilia nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari ulio juu ya ikweta ya dunia) inapovuka meridiani, mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini; ikiteleza kaskazini au kusini unageuza mhimili kushoto au kulia hadi itulie. Halafu unachukua nyota nyingine iliyo chini upande wa mashariki, hapo unapandisha au kushusha. Inakula kama saa nzima, na chai ya chupa moja.

Picha ambazo upepo ulizipindapinda ujanja wa leya haukuzisaidia, kwa sababu mvutiko wake hauna upande mmoja. Hizo tu ndizo nilizofuta.